"Was" na "were": Tusiwalaumu wanafunzi wetu bure

Mwaka wa 2023, nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya upili hapa Isiolo, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza iliyohusu ukame. Miongoni mwa sentensi zake zilikuwamo hizi mbili: "There was forty cows in our home. Now there is two." Bila kusita nilikata "was" kwa wino mwekundu nikaandika "were", nikakata "is" nikaandika "are". Kisha nikamrudishia daftari ili aiandike upya.

Siku chache baadaye aliileta. Sentensi ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ilisema: "Now there is one." Nilidhani ameikwepa "are" kwa kuwa hajaielewa, nikamwuliza sababu kwa ukali kidogo. "Mwalimu," akanijibu kwa adabu, "yule mwingine alikufa juzi."

Nakiri kwamba niliona haya. Kwa sentensi mbili fupi mtoto yule alikuwa amesimulia yaliyowapata wazazi wake, kama yalivyowapata wafugaji wengi wa kaunti hii na za jirani mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022. Mimi nilikuwa nimeona vitenzi viwili tu.

Sisemi kwamba sarufi isifundishwe. Mtahiniwa anayeandika "there was many people" hupoteza alama, na hakuna msahihishaji atakayemwonea huruma. Ninalolisema ni kwamba kosa hili, ambalo walimu wengi hulihesabu kuwa ni uzembe, lina chanzo chake; na chanzo hicho ni maarifa ambayo mtoto tayari anayo.

Tuitazame lugha yetu ya taifa. Twasema "palikuwa na mtu", na twasema "palikuwa na watu". Nomino imetoka umoja ikaingia wingi, ilhali kitenzi hakikutikisika. Kisa na maana? Katika muundo huu Kiswahili hakipatanishi kitenzi na nomino, bali na mahali. Pa- ni mahali mahususi, ku- ni mahali pasipo dhahiri, na mu- ni ndani; ndiyo maana twasema "kisimani mlikuwa na maji". Hata "pakawa" tunayoitikia hadithi inapoanza imebeba kiambishi hicho hicho cha mahali.

Kiingereza, kwa upande wake, hakijali kama ni ndani au nje. Neno "there" katika muundo huu halionyeshi mahali popote. Hudokeza kuwako tu. Kinachotakiwa ni idadi: "there was a cow", "there were forty cows". Basi mtoto aliyelelewa na lugha inayouliza "wapi?" huingia ghafla katika lugha inayouliza "wangapi?", na hakuna aliyempasha habari kwamba swali limebadilika.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kwa wengi wa wanafunzi wetu si lugha ya kwanza. Mborana akitaja watu wawili husema "nama lama", na "nama" ni mtu. Msomali akitaja wanaume wawili husema "laba nin", na "nin" ni mwanamume. Nomino hubaki katika umoja kwa kuwa hesabu imekwisha tajwa. Tusistaajabu basi tukikuta "two cow" daftarini. Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Mfaransa husema "il y avait" akiwa na mtu mmoja au watu elfu, na hakuna anayemwita mzembe.

Dawa ni ipi? Mimi siku hizi huwaambia wanafunzi waigeuze sentensi kwa Kiswahili kwanza, nomino itangulie. "Palikuwa na ng'ombe arobaini" igeuke "ng'ombe arobaini walikuwako". Hapo wingi hujitokeza wenyewe: "walikuwako" ni "were", na "alikuwako" ni "was". Kipimo hiki kimewasaidia wengi kuliko wino wangu mwekundu.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka yake, na mipaka hiyo nayo ifundishwe. Maji "yalikuwako", na maziwa vilevile, lakini Mwingereza huviona kuwa vitu visivyohesabika, akasema "there was water" na "there was milk". Kinyume chake, "cattle" na "people" hazina "s" mwishoni, lakini daima ni za wingi: "there were cattle", "there were people". "Livestock" huweza kushika umoja, ingawa maana yake ni mifugo. "Sheep" hufanana na ng'ombe wetu: neno ni lile lile, awe mmoja au mia, na kitenzi ndicho kinachotoa siri. Haya yote ni maneno ya nyumbani kwa mtoto wa Garba Tulla, Merti au Kinna. Ya nini kumfundishia mifano ya theluji na magarimoshi?

Najua mwalimu mwenzangu atapinga kwamba kuingiza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kuwachanganya wanafunzi. Namjibu kwamba mtoto hulinganisha lugha hizo kichwani mwake, tutake tusitake. Afadhali alinganishe akiongozwa kuliko kupapasa gizani. Sera yetu ya elimu yenyewe inaikubali lugha ya eneo kuwa ya kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Si busara kwamba kuanzia la nne lugha hiyo igeuke kuwa kama deni la aibu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao.

Nanyi wanafunzi, msiifanye asili yenu kuwa kisingizio. Kujua kosa limetoka wapi ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni mazoezi. Kila mkiandika "there", simameni kidogo, mtazame nomino inayofuata, ndipo mchague kitenzi.

Kwa walimu nina ombi moja. Insha ikifika mezani, tuisome mara ya kwanza bila kalamu mkononi, tujue mtoto anasema nini. Kisha tuisome mara ya pili kwa ajili ya sarufi. Yule mwanafunzi wangu sasa anajua tofauti ya "was" na "were", nami nashukuru. Lakini ningependa angejifunza hivyo kwa mwalimu ambaye kwanza alimwambia pole.