Kaitaba Ni Kwetu, Mbona Tunaingia Kama Wageni?

Wadau, leo mniache niongee. Hili jambo limenikaa rohoni tangu kabla ya Krismasi na nisipolitoa litaniharibia mwaka.

Kuna kaka mmoja, jina simtaji, wanaomfahamu wameshamjua. Anaishi Dar, ana wafuasi wa kumwaga, na kila Desemba anapanda kuja Karagwe kupiga picha kwenye migomba ya mama yake na kuandika maneno matamu kuhusu nyumbani. Safari hii akapitia Bukoba kwanza. Jumamosi ya tarehe 21 alikuwa Kaitaba, jezi nyekundu mpaka soksi. Simba walipofikisha la tano, kaka akawasha simu akaingia laivu. Anacheka mpaka anakohoa. Eti hawa wa kwetu washuke tu, wanatutia aibu.

Wa kwetu! Neno hilo ndilo lililoniwasha. Kama ni wa kwetu, wewe mbona ulikuwa unashangilia upande ule?

Nikashuka kwenye komenti nikidhani nitakuta watu wamemweka sawa. Wapi! Vicheko tupu. Tena wanaocheka nawajua: vijana wa Kayanga, wa Omurushaka, wa Nkwenda, wa Isingiro. Mpaka dada mmoja wa Murongo, ambaye kutoka kwao Uganda ni pua na mdomo, naye anaandika kwamba Mnyama katufuta machozi. Machozi gani dada yangu? Aliyefungwa ni wewe.

Sasa tuongee hali ilivyokuwa, maana wengine mnafuata ligi kwa vichwa vya habari tu. Nusu ya msimu wa 2024/25 ilikuwa imekwisha. Ligi ilikuwa imesimama kupisha CHAN, na CHAN yenyewe wakaisogeza mpaka Agosti 2025. Dirisha dogo nalo lilikuwa limeshafungwa. Kagera Sugar, iliyokuwa timu pekee ya Ligi Kuu katika mkoa wetu wote, ilikuwa kule chini ambako mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja bila kuulizwa. Waliokuwa wanatuburuzia mkia ni KenGold ya Chunya, timu iliyopanda msimu huo na Pamba Jiji. Kocha aliyeanza msimu alikuwa ameshabadilishwa. Agosti 29, 2024 Yanga walikuja Kaitaba wakatupiga mbili bila. Desemba Simba wakaja hapo hapo wakatupiga tano kwa mbili.

Sitetei mpira mbovu. Tano nyumbani ni tano nyumbani. Ukifungwa na Simba moja au mbili watu wanakuelewa, lakini tano maana yake nyuma kuna mlango hauna komeo. Nilitazama ile mechi yote: kila mpira ukipotea katikati, mabeki wanarudi wakikimbia kwa kuangalia nyavu zao. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mbele hatuko vibaya kivile. Kumfunga Simba mabao mawili siyo kitu kidogo, kuna timu zinamaliza msimu mzima hazijamfunga hata moja. Ukifunga mawili nyumbani, unatakiwa uondoke angalau na pointi moja. Wachezaji na benchi wana la kujibu hapo, na wajibu uwanjani.

Ila na sisi tuna la kujibu.

Naanza na mimi. Ile Jumamosi nilikuwa kibanda umiza pale Omurushaka, nimelipa buku langu, nimekaa katikati ya watu kama mia hivi. Na mkeka nilikuwa nao mfukoni. Nilimpa Simba ashinde, na magoli yavuke matatu. Ndiyo, nilibeti timu ya mkoa wangu ifungwe, tena ifungwe nyingi. Kagera Sugar walipopata bao, kibanda kizima kilikaa kimya kama msibani. Mzee mmoja tu ndiye aliyesimama akapiga makofi, koti lake la mvua bado amelivaa. Vijana wakamfokea akae, anaziba. Akakaa. Lilipoingia la pili akasimama tena, safari hii hakupiga makofi, alituangalia tu kwa zamu halafu akakaa mwenyewe.

Mkeka ulitiki. Nikala hela. Na nawaambieni ukweli, ile hela sikuinunulia kitu cha maana, iliisha kwa namna nisiyoielewa. Mpaka leo nikikutana na yule mzee njiani namsalimia "shikamoo" haraka haraka na kupita.

Najua majibu yenu, nimeyasikia vijiweni vyote. La kwanza ni kwamba ile ni timu ya kiwanda, siyo ya wananchi. Haya, Azam FC ni ya nani? Mtibwa Sugar, walioshuka 2024, walikuwa wa nani? Mbona mna jamaa zenu hapa Kayanga wanashabikia Azam na hakuna anayewauliza kama wana hisa kwenye ngano? Kiwanda kipo Missenyi, wilaya ambayo haisi zetu zinaikata kila tunapokwenda Bukoba. Miwa ile tunaiona kwa macho. Sukari yake tunaweka kwenye chai.

Halafu kuna wale wa kusema Bukoba ni kwa Wahaya, sisi Wanyambo yanatuhusu nini. Waitu! Hili ndilo linanichekesha kuliko yote. Kutoka Kayanga mpaka Kaitaba ni kilomita mia na kidogo, lami ipo. Unasema ni mbali, siyo kwenu. Wewe huyo huyo umejichora chale ya mnyama begani kwa ajili ya timu ya mtaa wa Msimbazi, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka kitandani kwako. Jirani yako analia machozi kwa ajili ya timu ya Jangwani, na Jangwani kwenyewe hajawahi kupaona hata kwa mafuriko. Kwa hiyo Bukoba ni mbali ila Kariakoo ni jirani? Na hapo sijawagusa wa Arsenal, maana hao nao wana matatizo yao yanawatosha.

Sisemi muache Simba na Yanga. Mimi mwenyewe ni Mwananchi tangu nasoma shule ya msingi, baba alikuwa Yanga, siwezi kubadili. Kuwa na timu kubwa siyo dhambi. Kinachonitia kichefuchefu ni siku ile moja, mbili, kwa mwaka, timu yako kubwa inapokuja kwenye mkoa wako, na wewe unajaza uwanja wa nyumbani kumzomea mwenye nyumba. Muangalie Kaitaba siku Kagera Sugar wanacheza na timu isiyo na jina: unaweza kuhesabu vichwa. Siku ya Simba au Yanga, hakuna pa kukanyaga, na upande wa wenyeji ni kiduchu. Yule kijana aliyevaa jezi ya Kagera anatoka kwenye korido anasikia kelele za mapokezi, kumbe siyo zake. Anacheza mechi zote thelathini ugenini.

Na msiniambie hii timu haijawahi kutupa raha. Nani amesahau Mei 19, 2018? Simba hawajafungwa msimu mzima. Uwanja wa Taifa umejaa, Rais Magufuli yupo jukwaani amekuja kukabidhi kombe, sherehe imeshapikwa. Wanankurukumbi wakaingia, Edward Christopher akafunga kimoja zikiwa zimebaki dakika chache. Simba wakapata penalti mwishoni, Okwi akaenda kupiga, Kaseja akadaka. Moja bila. Kombe lilikabidhiwa, lakini kwa sura zilizonuna. Siku hiyo hapa Karagwe hata Simba damu walikuwa wanatembea kifua mbele wakisema "sisi watu wa Kagera bwana". Sisi! Siku ya ushindi wote tulikuwa wa Kagera.

Msimu uliofuata wakawafunga tena Simba, Kaitaba na Dar, nje ndani, Simba ambao ndio walikuwa mabingwa. Na unajua msimu huo huo Kagera Sugar waliishia wapi? Kwenye mechi za mchujo wa kubaki, wakahangaika na Pamba mpaka wakaponea pale pale Kaitaba. Yaani timu inampiga bingwa mara mbili halafu inaponea tundu la sindano. Nilipaswa kushtuka mwaka ule. Ni timu ambayo ikikutana na mkubwa inapewa macho, na mechi za kawaida, zile za Jumatano saa kumi na mpinzani wa hadhi yake, zile ndizo zinazoamua nani abaki, hakuna mtu. Pointi tatu za kumfunga KMC ni sawa kabisa na pointi tatu za kumfunga Simba, lakini nenda kahesabu watu.

Sasa nataka niwaambie kitu nyie mnaosema ishuke tu. Hesabuni Kanda ya Ziwa. Toto Africans walishuka 2017. Stand United 2019. Mbao na Alliance 2020, zote za Mwanza, mwaka mmoja. Mwadui 2021. Biashara United ya Mara 2022. Geita Gold 2024. Nionyesheni katika hizo ni ngapi zilikuwa zimesharudi Ligi Kuu kufikia msimu wa 2024/25. Pamba Jiji, iliyopanda msimu wa 2024/25, ilikaa nje zaidi ya miaka ishirini, na ile ni Pamba yenye jina, yenye jiji la Mwanza nyuma yake. Sisi tunafikiri tukishuka tutarudi baada ya msimu mmoja kwa sababu gani? Kwa maombi ya yule kaka wa laivu?

Na hapa nazungumza na nyie Simba na Yanga wenyewe, kwa ubinafsi wenu. Kagera ikishuka, nani ataleta Simba Bukoba? Utawaona wapi mastaa wa Simba na Yanga kwa macho yako? Utabaki na kibanda umiza, na king'amuzi kikikatika mvua inyeshapo, ndiyo basi. Mama ntilie wa pembeni ya Kaitaba, bodaboda, haisi za Kayanga zinazoondoka alfajiri siku ya mechi, nyumba za wageni zinazojaa, vyote hivyo vinafuata timu. Unamcheka anayezama na mtumbwi ni mmoja.

Juzi nilikwenda sokoni kutafuta jezi ya Kagera Sugar. Nimezunguka maduka yote ya nguo ninayoyajua. Yanga zipo, Simba zipo, Manchester zipo za miaka mitatu. Kijana mmoja muuzaji akanicheka, akaniuliza kama nimetumwa. Nikamwambia mbona hauweki. Akanijibu kwa swali: akiiweka, nani atanunua? Nikaanza kujibu "watu wapo" nikanyamaza, maana hata mimi mwaka wote wa 2024 sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo kaka yangu wa laivu, na dada wa Murongo, na wenzangu wote wa mikeka: kahawa msimu wa 2024 ililipa, kila mtu Karagwe na Kyerwa analijua hilo, simu mpya zimejaa mjini na pikipiki hazina hata namba. Nauli ya Bukoba kwenda na kurudi haitushindi. Watu kumi na wanne wakikodi haisi moja kwa mechi moja ya nyumbani, tena siyo ya Simba, ya timu yoyote ile, wanaweza kuimba mpaka wachezaji wageuke kutazama. Nimeshaanza kuandikisha. Mpaka sasa tuko sita, na mmoja wao ni mke wangu ambaye hapendi mpira, amekubali kwa sharti la kununuliwa samaki pale ziwani.

Ratiba ya ligi kurudi ilitupangia kuanza na Yanga, tena kwao, Jumamosi ya Februari mosi 2025. Ndiyo, Yanga yangu. Sina uongo, najua tunaweza kupigwa, na kwa ule ukuta wetu tunaweza kupigwa vibaya. Odi zake nimeshaziona, zinavutia hasa.

Siweki. Nitakwenda Omurushaka mapema, nilipe buku langu, nitafute kiti karibu na yule mzee wa koti. Tukipata hata kimoja, nitasimama naye, na atakayesema tunaziba ahame yeye.