Chembe Zimetimia, Mbona Damu Haikati?

Huku Kaisho mtoto akitokwa damu puani tunammwagia maji kichwani, basi yanaisha. Kwa wengi kweli yanaisha. Wapo wachache ambao jino likichomoka damu hutoka hadi kesho yake, na binti akivunja ungo siku zake hazikomi. Hao ndio wanaosemwa wamerogwa.

Mshipa ukikatika, chembe sahani za damu hupata ishara kutoka nyuzi za kolajeni zilizofichuka na kimeng'enya kiitwacho thrombini. Hubadilika umbo, kisha hushikana kwa protini ya faibrinojeni. Katika ugonjwa alioueleza daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, mwaka 1918, chembe huusikia wito vizuri, ila kishikio cha kukamatia faibrinojeni hakipo au ni kibovu. Ni kama wanakijiji walioitikia yowe la moto wakafika wote, bila ndoo hata moja.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli ya "vipimo vizima, rudini nyumbani". Kipimo cha kawaida huhesabu chembe tu: 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita moja, na mgonjwa wa Glanzmann huwa nazo zote. Hakisemi kama zinafanya kazi. Kabla ya tohara au kung'oa jino, swali moja kuhusu ukoo lina thamani kuliko hesabu hiyo, nalo halina gharama. Jibu likitia shaka, mtoto apewe rufaa ya Bugando, hata kama Mwanza ni mbali na nauli ni kilio.

Wala mama asisingiziwe. Ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili, nao hawana dalili yoyote. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. (Kanuni ya 1091 inayozuia ndoa ya binamu haikutungwa kwa sababu ya damu, lakini ndugu wa karibu ndio wenye uwezekano mkubwa wa kubeba kasoro moja.)

Kuna jambo la aspirini, tunayoinunua kama karanga. Huzima mojawapo ya ishara za chembe kwa uhai wake wote, siku 7 hadi 10. Kwa mtoto wa namna hii ni hatari, na diklofenaki vilevile.

Mzazi unayemleta kijana seminari, andika kwenye fomu ya afya: "Damu yake huchelewa kukata." Usione aibu. Anayegawa dawa usiku bwenini hana njia nyingine ya kujua.