Deki si urembo wa sebuleni (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo chanjo tuziweke pembeni kidogo, tuongee deki. Msicheke! Ile DVD ya harusi yako, yenye sauti ya bibi ambaye wanao hawakumkuta, deki ikifa utaichezea wapi?

Mimi nasema usinunue deki kwa kuvutiwa na mng'ao. Nenda dukani na DVD yako ya harusi, iwekwe uione inacheza. Diski za kurekodia zipo DVD-R na DVD+R, na deki nyingine huchagua.

Kisha geuza nyuma. Iwe na tundu la HDMI, maana TV nyingi mpya hazina yale matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. TV yako ni ya zamani? Basi chukua yenye yote mawili.

Katuni za watoto ukiletewa kutoka nje, angalia namba ya kanda: Marekani ni 1, Ulaya 2, sisi 5. Uliza deki inayosoma zote.

Na hata ukipata deki nzuri, nakili harusi kwenye flashi mbili. Deki utanunua nyingine. Sauti ya bibi haiuzwi.