Tusipoteze Lugha ya Njia

Ni miaka kadhaa sasa tangu nianze kutumia kifaa kidogo cha kuwaelekeza madereva, kinachobandikwa kwenye kioo cha gari. Manufaa yake hayana ubishi. Hupokea ishara za setilaiti zisizopungua 4, zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi angani, na kumjulisha dereva mahali alipo. Usahihi wake uliongezeka mno Mei 2000, Marekani ilipokoma kuvuruga kwa makusudi ishara walizopokea raia.

Hata hivyo, msamiati wake ni kushoto, kulia na mita basi. Hakituambii kwamba kaskazini ndiko itokako kaskazi na kusini ndiko itokako kusi, wala kwamba Mlolongo uliitwa hivyo kwa msururu wa malori. Nao wanafunzi waliokizoea hutatizika kumwelekeza mgeni kwa sentensi tatu zilizonyooka.

Walimu wenzangu, tuwatungishe wanafunzi insha ya kumwelekeza mgeni kutoka kituo cha basi hadi shuleni, bila ramani. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Lakini sharti anayeulizwa naye awe na maneno ya kujibu.