Kamba ya raha na kamba ya kazi

Juzi pale Bulambika vijana walikuwa wamezunguka telefone moja, wanacheka mpaka machozi. Nikasogea. Kwenye picha kulikuwa benchi ya mbao, imefunikwa na ngozi, iko na mikanda ya mikono, ya miguu na ya kiuno. Mmoja akaniuliza: «Papa, hii ni benchi ya kutesea watu?» Mwenzake akajibu mbele yangu: «Hapana, ni ya bibi na bwana. Wanajifunga kwa mapenzi yao.»

Najua wamoja wataacha kusoma hapa. Mama wa kanisa watasema mtu wa sendika amekosa habari. Nawaomba mnivumilie, sababu nilienda kusoma juu ya ile benchi na nikapata haya. Si haya ile mnayofikiria.

Kitu chenyewe kiko kweli. Ulaya na Marekani kuna maseremala wanaotengeneza benchi za namna hiyo, na vitanda vyenye pete za chuma kwenye pembe, na mbao mbili zilizopishana kama X, wanaita msalaba wa Andrea Mtakatifu. Watu wazima wanakubaliana, mmoja anafungwa, mwingine anafunga. Kwao pia jambo hilo lilileta maneno. Uingereza, mwaka 1993, majaji wa juu kabisa walisema kwamba kumjeruhi mtu namna hiyo ni kosa, hata kama mwenyewe alikubali. OMS nayo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeacha kuhesabu tabia hiyo kuwa ugonjwa ikiwa ni watu wazima waliokubaliana. Huku kwetu mtu kufungwa kamba kunakumbusha vita, na wengi hawataki hata kuona kamba ndani ya chumba. Naelewa. Na pasipo makubaliano hakuna mchezo, kuna jeuri, ile ambayo sheria ya 20 Julai 2006 inaadhibu.

Lakini angalieni kanuni wanazojiwekea. Ile benchi iko na kilo zake: fundi anasema inabeba mtu wa uzito gani, na mwenye kununua anaitingisha kwanza kabla mtu hajalala juu yake. Miguu yake ni mipana ili isipinduke. Pembe zimelainishwa. Mkanda ni mpana, hauachi alama, na vidole viwili vinapashwa kupita kati yake na ngozi. Kifungo kinafunguka kwa mkono mmoja. Mkasi wa kukata kamba uko karibu, haufungiwi kabatini. Shingo haiguswi. Mwenye kulewa hafungi na hafungwi. Kila wakati wanagusa vidole vya aliyefungwa: vimekuwa baridi? vimekufa ganzi? Sababu kamba ikibana sehemu ya juu ya mkono inaweza kuumiza mshipa wa fahamu, na kiganja kikalegea kwa wiki nyingi. Na kuna neno moja wamepatana tangu mwanzo, wengi wanasema «nyekundu», likitamkwa kila kitu kinasimama, bila kuuliza kwa nini. Juu ya yote, aliyefungwa haachwi peke yake, hata dakika moja.

Yote hayo kwa ajili ya raha! Mtu aliyelala sentimetre 60 kutoka chini, ndani ya nyumba yenye taa.

Sasa twende kwenye kareya. Kijana wa miaka 20 anafunga kamba kiunoni, mafundo mawili, anashuka ndani ya shimo. Sheria inasema shimo la mchimbaji mdogo lisipite metre 30, na sote tunajua mashimo yaliyopita. Kamba ilinunuliwa lini? Hakuna anayejua. Ni nailoni iliyolala kwenye jua na matope, imeunganishwa kwa mafundo, na kila fundo linakula karibu theluthi moja ya nguvu ya kamba, pengine nusu. Mti unaozungusha kamba ulikatwa msituni, haujapimwa na mtu. Juu anabaki mwenzake mmoja, ambaye pengine amepita kwanza kwenye kanyanga. Kisu cha kukata kamba hakiko. Neno la kusimamisha halipo, ni kupiga kelele tu, na upepo ukivuma haisikiki.

Marekani, kamba ya kumkinga fundi asianguke inapashwa kuvumilia kilo zaidi ya 2.200 kabla haijakatika. Yetu tunaipima kwa kuivuta na mikono miwili na kusema «bado iko nguvu».

Mimi mwenyewe nimening'inia. Ilikuwa miaka mingi imepita, kwenye kareya moja ambayo sitataja. Mti uligoma kuzunguka nikiwa katikati, kamba kiunoni, miguu hewani. Wa juu alikwenda kutafuta watu. Kwanza nilitukana, halafu nikaimba, halafu miguu ikawa mizito kama magunia ya cassiterite na macho yakaanza giza. Miaka mingi baadaye muuguzi alinieleza: mtu akining'inia wima bila kusogeza miguu, damu inabaki chini, hairudi kwenye moyo na kichwa, na dakika chache zinatosha kuzimia. Akizimia akiwa bado ananing'inia, anaweza kufa bila kidonda hata kimoja. Nyumbani watasema ni uchawi. Kwa hiyo ukikwama, chezesha miguu, ikunje, ikanyage ukuta wa shimo. Na ninyi wa juu, mtoeni mbio, mlazeni chini, mfungueni kamba, mpelekeni kituo cha afya hata kama anaapa kwamba yuko muzima.

Vifo hivi vya mtu mmoja mmoja havifiki kwenye radio. Kamituga, 11 Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo na makumi ya wenzetu walikufa siku moja, inchi nzima ilisikia. Anayekatikiwa kamba peke yake analiliwa na mama yake na deni lake.

Na hapo kwenye deni ndipo ninapotaka kufika. PDG wa shimo ataniambia: «Huyu kijana sikumlazimisha, alikubali mwenyewe kushuka.» Alikubali namna gani? Tangu miezi mitatu anakula unga wa PDG kwa mkopo, dawa ya mtoto ni mkopo, buti ni mkopo. Akisema leo kamba hii sishuki, sehemu yake ya mchanga inapewa mwingine na deni linabaki. Wale wa benchi wanasema kukubali ambako huwezi kukurudisha si kukubali. Mimi, mtu wa sendika miaka hii yote, sikuwahi kulisema wazi hivyo. Mkataba namba 176 wa OIT, wa mwaka 1995, juu ya usalama wa migodi, unampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari. Haki hiyo haina maana kama ukiondoka unalala njaa.

Kwa hiyo tunaomba PDG na koperativi mambo machache, na hayana bei ya ajabu. Kamba mpya isiyo na kiungo, na tarehe iandikwe kwenye kipande cha bati. Mkanda unaoshika mapaja, si kiuno peke yake. Watu wawili juu, wazima wa akili, na kisu kimefungwa kwenye mti. Alama ya kuvuta kamba ndogo: mara moja simama, mara mbili pandisha, mara tatu shusha. Na anayesema «simama» asipoteze sehemu yake ya siku hiyo. Hili la mwisho ndilo watakalobisha, najua, na ndilo sitaliacha.

Kuhusu bibi na bwana ambao wana mawazo yao, hiyo ni nyumba yenu, sitaingia. Ila boriti ya paa ya nyumba ya mbao haikuwekwa kwa kubeba mtu, kitanda cha miti kina misumari, na kamba ya kareya ibaki kareya. Zungumzeni kabla, mchana, mkiwa wazima, na anayesema hapana asiulizwe mara ya pili.

Jumapili baada ya misa nitakuwa karibu na soko la Bulambika. Leteni kamba zenu. Nitakuja na mifuko ya mchanga na mzani wa kupimia cassiterite, tuzijaribu mbele ya wake zenu.