Kabla ya Kumshitaki Mjane

Tuseme hapa hapa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mzee mmoja alimuuzia jirani yake kiwanja kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Mzee akafariki. Mwanawe akakiuza tena kiwanja kile kile kwa mtu mwingine, ambaye sasa anachimba msingi. Mnunuzi wa kwanza, hasira zikiwa zimempanda, anakwenda kufungua shauri na kumtaja mjane, kwa kuwa ndiye aliyebaki katika nyumba ya marehemu. Wito unamkuta mama huyo akiwa bado ndani ya eda.

Mama huyo hakuuza wala hakununua chochote. Marehemu naye hadaiwi mahakamani. Anayesimama mahali pake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena adaiwe kwa cheo hicho, si kwa nafsi yake. Kuwa mtoto wa kwanza, au kushika funguo za nyumba, hakumpi mtu usimamizi. Nasi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Katika Surat An-Nisaa, deni la marehemu limetangulizwa kabla ya mgao wa warithi, yaani hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Mfuko wa mjane haumo. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, mwenye dai aanze kwa kuwahimiza ndugu waifungue.

Tena yupo aliyesahauliwa kabisa: mnunuzi wa pili. Mahakama Kuu, katika uamuzi uliochapishwa kwenye taarifa za sheria za Tanzania za mwaka 1983, ilieleza kwamba anayedai ardhi iliyokwisha kuuzwa kwa mwingine hana budi kuwaunganisha muuzaji na mnunuzi. Nayo ni haki. Utamwondoaje mtu kwenye msingi alioujenga kwa hukumu ambayo hakusikilizwa?

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ina huruma yake. Amri ya Kwanza, kanuni ya 10, inairuhusu mahakama kumwondoa aliyetajwa kimakosa na kumwingiza anayestahili, katika hatua yoyote ya shauri. Lakini aliyeburutwa bure aweza kudai gharama zake. Na kosa likija kuonekana kwenye rufaa, mwenendo mzima waweza kufutwa, mkaanza upya huku mmoja wa wale mashahidi wawili amekwisha kuzikwa.

Wapo pia wanaomshitaki mwenyekiti wa mtaa kwa sababu barabara imepita katika kiwanja chao. Ikiwa kazi ni ya Manispaa, ndiyo ya kudaiwa, na tangu mwaka 2020 lazima iunganishwe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, baada ya notisi ya siku 90, katika Mahakama Kuu.

Turudi kwa mjane wetu. Wito asiutupe kwa kuwa hahusiki. Asipojibu, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja. Kwa kawaida ana siku 21 tangu kuupokea. Aandike utetezi aeleze kwamba si msimamizi wa mirathi, aombe jina lake liondolewe, na siku iliyotajwa afike. Eda haimzuii kutoka mchana kwa haja kama hiyo. Akiona uzito, amuulize sheikh wake wa mtaani, na kaka yake amsindikize.