Afya ya Familia: Mkeka Uliochanwa na Timu Moja

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kamari ya mpira, ile ambayo waume zetu na vijana wetu wanaiita kubeti. Hapa Mara jambo hili halijifichi tena. Nenda Mwigobero pale Musoma mitumbwi inaporudi na dagaa asubuhi, au stendi ya Bunda jioni, au Butiama wanakoegesha bodaboda, utakuta wanaume wazima wanamlaumu golikipa wa nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Sisi wauguzi hukutana na kamari kwa mlango wa nyuma. Ni nadra mwanamume kuja zahanati akisema anaumwa kamari. Anayekuja ni mke wake, na analalamika moyo kwenda mbio, usingizi kupotea, tumbo kuwaka moto. Ukimpa kiti na dakika kumi za utulivu, ndipo linatoka: ada ya mtoto imeliwa, au mkopo wa kausha damu umechukuliwa kwa jina lake na sasa wanampigia simu yeye.

Mama huyo huwa ameshaambiwa na majirani kwamba mumewe ni mpumbavu. Sisi hatukubali. Wengi wanaobeti ni watu wenye akili zao, wanaojua bei ya nyavu na ya mafuta ya injini hadi shilingi ya mwisho. Tatizo ni kwamba akili ya binadamu, ya kila binadamu, ina makosa fulani ya kuhesabu bahati ambayo hujirudia yale yale. Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliyaeleza makosa hayo katika makala mashuhuri ya mwaka 1974, na mwaka 2002 Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo.

Kosa moja tunaliona hata leba. Mama amezaa wasichana wanne, na ukoo mzima unaapa kwamba wa tano lazima awe mvulana, kana kwamba tumbo linaweka hesabu ya waliotangulia. Tumbo haliweki hesabu. Nafasi ni karibu nusu kwa nusu, kama ilivyokuwa kwa wa kwanza. Basi mcheza kamari naye, akiliwa Jumamosi nne, huamini kwamba ya tano ni zamu yake.

Kosa la pili ndilo linalowala wengi zaidi. Mmesikia wanavyosema: "Timu moja tu ndiyo imenichania mkeka." Wanasema kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu huo mna tumaini, kwamba alikaribia, kwa hiyo kesho atafika. Mtafiti Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walilichunguza jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2009. Watu walicheza mashine ya bahati huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipokosa kwa chupuchupu hawakufurahi hata kidogo, lakini zile sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka. Tena hamu ya kuendelea kucheza iliongezeka, hasa pale mchezaji alipokuwa amechagua alama yake mwenyewe. Na mkeka je, si yeye mwenyewe anayechagua timu?

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme mkeka una mechi 10, na kila mechi ana nafasi nusu ya kupatia. Nafasi ya kuzipatia zote ni moja katika 1,024. Lakini nafasi ya kukosa mechi moja tu ni kumi katika 1,024, maana mechi ya kumwangusha inaweza kuwa yoyote kati ya hizo kumi. Maana yake, kukosa kwa timu moja hutokea mara kumi zaidi ya kushinda. Hakukaribia chochote. Amepata kile ambacho mkeka wa namna hiyo hutoa mara nyingi kuliko ushindi. Mwonyesheni vijana wenu hesabu hii kwa kalamu na karatasi, kwa upole, siku ambayo hakuna mechi.

Kwa wengine mazoea hayo huwa ugonjwa kamili. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ugonjwa wa kamari umewekwa katika fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili kubwa ni kwamba mtu hawezi kujizuia, anaitanguliza kamari mbele ya mambo mengine, na anaendelea ingawa anaona madhara yake.

Na wewe mama unayekesha? Akili yako nayo ina mwelekeo wake. Mwaka 1986 Colin MacLeod na wenzake wawili waliwaonyesha watu maneno mawili kwa pamoja, moja la kutisha na jingine la kawaida. Wagonjwa wa wasiwasi, macho yao yalivutwa upande wa neno la kutisha. Ndivyo inavyokuwa nyumbani. Ukishakuwa na hofu, kila mlio wa simu ya mume ni deni, kila akinyamaza ni uongo. Mengine ni kweli, lakini huwezi tena kuyatofautisha. Unapekua mifuko usiku, mnagombana alfajiri, naye anatoka kwenda kutafuta mahali pa kusahau.

Karibu na kwetu kuna utafiti uliotupa moyo. Jijini Kampala, Sylvan Herskowitz aliwachunguza watu 1,708 wanaobeti mechi, na akatoa matokeo yake mwaka 2021. Aligundua kwamba wengi walikuwa wanalenga kiasi fulani cha fedha kwa ajili ya kitu kikubwa ambacho hawakuona njia nyingine ya kukinunua. Baadhi yao, kwa kura, walipewa sanduku la kuwekea akiba, na hamu yao ya kubeti ikapungua. Haikwisha, ilipungua. Sisi wenye vibubu na vikoba tumekuwa na dawa hiyo mkononi miaka yote, ila tumeifanya ya wanawake tu!

Kwa hiyo kabla ya kumhesabia alichopoteza, muulize alitaka hela hizo ziwe nini. Huenda ni injini ya mtumbwi, au bati za nyumba, au pikipiki yake mwenyewe badala ya kupeleka hesabu kwa tajiri. Kitu hicho kikishatajwa, mnaweza kukifungulia kibubu, na fedha ziingie siku ile ile ya kuuza dagaa au pamba, kabla hazijalala kwenye simu. Usimlipie madeni kwa siri. Anayelipiwa kimya kimya hajui ameliwa kiasi gani. Ada na fedha za chakula zikae mahali ambapo hawezi kuzifikia peke yake, naye ajue hivyo, si kwa kificho. Na mkiona mtoto anachezea zile mashine za sarafu dukani, mwoneni mwenye duka na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18.

Akishindwa kuacha hata baada ya hayo, nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaulize huduma ya afya ya akili. Kuna ushauri wa kitaalamu unaomfundisha mtu kuyakagua mawazo yake mwenyewe, na umewasaidia wengi. Lakini akianza kusema amechoka kuishi, au kwamba mtakuwa salama zaidi bila yeye, msisubiri asubuhi. Ondoeni dawa za pamba na za panya ndani ya nyumba, mtu mmoja akae naye, na mmpeleke hospitali usiku huo huo.